Shajara ya mradi: seli shina za mafuta kwenye pengo la milimita 10 la neva ya paja la panya

Hali ya sasa: panya wote wameshapasuliwa, mirija imo ndani, nyayo za wiki ya 8 baada ya upasuaji zimeshachapwa. Kilichobaki ni wiki ya 12 baada ya upasuaji na kazi ya hadubini. Maandishi haya ni ya kazi ilivyokwenda, pamoja na vipimo, ili anayetaka kurudia asianzie sifuri.

Kwa nini pengo, na kwa nini milimita 10

Neva ya pembezoni ikikatwa, sehemu ya chini ya mkato huvunjikavunjika. Augustus Waller alilieleza jambo hili mwaka 1850 kwa neva za ulimi wa chura. Akzoni (nyuzi ndefu za neuroni) na miyelini (ganda la mafuta linalozizunguka) huondolewa, na seli za Schwann, zinazozilea akzoni, hubaki zikijipanga mstari ndani ya mirija midogo zikisubiri akzoni mpya. Kwa binadamu akzoni hukua takriban milimita 1 kwa siku. Ncha mbili zikifikiana bila kuvutwa, daktari huzishona moja kwa moja. Zisipofikiana, njia inayohesabiwa bora hadi leo ni kukata neva ya hisia ya mguuni mwa mgonjwa mwenyewe na kuipachika katikati. Mgonjwa anabaki na ganzi kwenye ukingo wa nje wa mguu, na neva ya kuazima yenyewe haina urefu usiokwisha. Ndiyo maana watu wanatafuta mrija wenye seli ndani.

Wazo la kutumia seli shina, yaani seli zinazoweza kugeuka kuwa za aina nyingine, halilengi kuzaa neuroni mpya. Mwili wa neuroni uko kwenye uti wa mgongo au pembeni mwake, nao kwa kawaida uko hai. Kinachokosekana ni seli za Schwann ndani ya pengo. Seli za Schwann halisi huchukua muda mrefu kuoteshwa, na ili kuzipata lazima ukate neva nyingine nzima. Mafuta yanapatikana kirahisi zaidi.

Milimita 10 tumezichagua kwa sababu mrija mtupu wa silikoni huweza kuvusha akzoni umbali huo kwa panya na hushindwa kwenye milimita 15, kama kundi la Göran Lundborg wa Uswidi lilivyoonyesha mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kwa hiyo kila kundi litatoa kitu cha kupima. Tungechukua 15, makundi mawili yangeweza kutoa sifuri tupu na tusijue lipi ni afadhali.

Makundi ni manne, panya 8 kila moja: mrija wenye fibrini tu (protini ya kugandisha damu, hapa ikiwa jeli); mrija wenye seli shina za mafuta zisizobadilishwa; mrija wenye seli zilizobadilishwa zifanane na za Schwann; na kipande cha neva ya panya huyo huyo kilichogeuzwa juu-chini na kushonwa tena. Panya wote ni wa ukoo wa Lewis, majike, uzito wa gramu 200 hadi 250. Ukoo huu una faida mbili: wanafanana kijenetiki, kwa hiyo seli za mmoja hazikataliwi kirahisi na mwingine, na hawana tabia kubwa ya kujitafuna vidole baada ya mguu kufa ganzi, jambo ambalo kwa koo nyingine humaliza majaribio kabla ya wakati.

Wiki ya 1 na 2: kutoa seli kwenye mafuta

Mafuta yametoka kinenani na kuzunguka figo za panya dume wa ukoo huo huo. Dume kwa makusudi: baadaye tutatafuta jeni ya Sry, ambayo jike hana, ili tujue kama seli tulizopandikiza bado zipo. Kasoro yake tunaijua. Jike anaweza kuzitambua protini za kidume na kuzishambulia taratibu. Tumeikubali kwa sababu njia nyingine iliyokuwa mkononi, rangi ya kupaka seli, inadanganya vibaya zaidi: seli ikifa, makrofaji (seli za kinga zinazomeza mabaki) huimeza pamoja na rangi yake, na wewe kwenye hadubini unashangilia makrofaji.

Hatua zilizofanya kazi kwa gramu 5 za mafuta:

Osha kwa PBS (maji ya chumvi ya maabara) yenye antibiotiki hadi maji yatoke meupe. Katakata kwa mkasi mpaka iwe kama uji mzito, usiokuwa na kipande kinachoonekana. Tia kolajenesi ya aina ya I (kimeng'enya kinachoyeyusha tishu), asilimia 0.15, yaani miligramu 15 kwa mililita 10 za PBS, ichujwe papo hapo. Tikisa kwenye nyuzijoto 37 kwa dakika 45 hadi 60. Ongeza midia (kimiminika cha kulishia seli) yenye seramu ya ndama kiasi hicho hicho ili kolajenesi ipunguzwe makali, pitisha kwenye chujio la mikromita 100, zungusha kwenye sentrifuji kwa nguvu ya g 300 dakika 10. Mafuta yataelea juu. Mwaga, baki na tonge jekundu chini. Pasua chembe nyekundu za damu kwa maji ya amoniamu kloraidi kwa dakika 2, zungusha tena, kisha panda kwenye chupa za sentimita 75 za mraba, midia ya alfa-MEM yenye asilimia 10 ya seramu.

Kundi la kwanza la seli liliharibika. Mafuta yalikaa kwenye kolajenesi kwa dakika 95 kwa sababu vipande vilikuwa vikubwa na havikuyeyuka. Wakati vipande vikubwa vinamalizika, seli zilizotoka mapema zilikuwa zimeshaliwa ngozi. Siku ya pili karibu zote zilikuwa zikielea. Dawa yake ni kukata vizuri mwanzoni. Kuongeza muda kwenye kolajenesi hakusaidii kitu. Pia namba ya fungu la kolajenesi iandikwe, maana nguvu yake hutofautiana kutoka fungu hadi fungu hata kama jina kwenye kichupa ni lile lile.

Saa 24 baada ya kupanda, mwaga midia na osha mara mbili. Seli shina zimeng'ang'ania plastiki. Seli za damu na za mafuta zinaondoka. Tumegawanya chupa seli zilipojaza asilimia 80 ya sakafu. Zikijaa kabisa na kupandana, hubadilika zenyewe na huwezi kuzirudisha. Tunatumia mgawanyo wa 2 hadi wa 4 tu.

Utambulisho: vile vigezo vya mwaka 2006 vya seli shina za mesenkaimu (protini za juu ya seli: CD73, CD90 na CD105 kuwepo, CD45 na wenzake kutokuwepo) viliandikwa kwa ajili ya binadamu. Kwa panya tumetumia CD29 na CD90 kama alama za kuwepo, CD45 na CD11b kama alama za kutokuwepo, na jaribio la kugeuza seli kuwa mafuta na mfupa.

Wiki ya 3 hadi 5: kuzifanya zifanane na seli za Schwann

Msingi wa utaratibu huu ulitolewa na kundi la Mari Dezawa wa Japani mwaka 2001 kwa seli za uboho, kisha Paul Kingham na wenzake wakautumia kwa seli za mafuta mwaka 2007. Una hatua tatu.

Ya kwanza: beta-merkaptoethanoli milimola 1, saa 24, midia isiyo na seramu. Chupa ya dukani ni mola 14.3, kwa hiyo usijaribu kupima moja kwa moja; ungehitaji mikrolita 0.7 kwa mililita 10, na hakuna pipeti ya kuaminika hapo. Weka mikrolita 7 kwenye mikrolita 993 za maji, upate milimola 100, kisha tia mikrolita 100 za hiyo kwenye mililita 10 za midia. Fanyia ndani ya kabati la hewa inayovutwa nje, harufu yake ni ya yai viza na ni sumu.

Ya pili: asidi ya retinoiki, nanogramu 35 kwa mililita, saa 72, midia yenye seramu. Hifadhi ya miligramu 1 kwa mililita ndani ya DMSO (kiyeyushi), ipunguzwe hadi mikrogramu 35 kwa mililita, halafu mikrolita 10 za hiyo kwa mililita 10. Inaharibiwa na mwanga. Zungushia karatasi ya aluminiamu kwenye kichupa, zima taa ya kabati unapoitumia, gawa katika vichupa vya matumizi ya mara moja kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri.

Ya tatu: wiki 2, midia ya alfa-MEM yenye seramu na vichocheo vinne: forskolini mikromola 14, bFGF nanogramu 10 kwa mililita, PDGF-AA nanogramu 5, na neuregulini nanogramu 200. Badilisha kila baada ya saa 72. Forskolini: miligramu 10 kwenye mililita 1.22 za DMSO hutoa milimola 20. Mikrolita 7 kwa mililita 10 za midia.

Neuregulini ndiyo inayokula bajeti. Chupa moja yenye mililita 10 za midia humeza mikrogramu 2 kila unapobadilisha, na kwa wiki 2 utabadilisha mara 5. Hiyo ni mikrogramu 10 kwa chupa moja. Kwa hiyo usianze hatua ya tatu na chupa zenye seli chache ukitarajia ziongezeke humo. Anza zikiwa asilimia 30 hadi 40 ya sakafu, si chini ya hapo.

Makosa matatu yaliyotupotezea muda, kwa mpangilio wa ujinga wake:

Baada ya beta-merkaptoethanoli seli zilijikunja na kutoa mikono mirefu myembamba ndani ya saa chache. Zinapendeza kwenye picha. Hazijabadilika kuwa kitu. Zimeshtuka tu, mifupa yake ya ndani imeporomoka na kilichobaki nyuma kinaonekana kama mkono. Tathmini ya umbo isifanywe kabla ya mwisho wa wiki ya pili ya hatua ya tatu, ambapo seli zikiwa sawa huonekana kama vijiti vya kusokotea uzi vyenye ncha mbili, vikilala sambamba.

Alama ya S100, protini tunayotumia kutambua seli za Schwann, iliwaka hata kwenye seli ambazo hazikubadilishwa. Kingamwili haikuwa na kosa. Seli za mafuta nazo zina S100. Kama kundi lako lina mabaki ya seli za mafuta, au seli zimejaa hadi zikaanza kugeuka kuwa mafuta zenyewe, utapata alama ya uongo. Tunasoma S100 pamoja na alama nyingine mbili, GFAP na p75, na seli haihesabiwi hadi angalau alama mbili ziwe juu yake.

La tatu lilikuwa la asidi ya retinoiki iliyokaa kwenye friji ya kawaida wiki nzima kwenye kichupa kisichofunikwa. Rangi ya njano ilikuwa imefifia. Tukaitupa pamoja na chupa nne za seli.

Wiki ya 6: tatizo lenyewe

Hapa ndipo mradi ulipobadilika. Mwaka 2016 Alessandro Faroni na wenzake walionyesha kwamba seli za mafuta za binadamu zilizobadilishwa hivi hurudia hali yake ya zamani haraka zikikosa vichocheo. Tulirudia jaribio hilo kwa seli zetu: toa vichocheo, acha midia ya kawaida, piga picha kila siku. Siku ya tatu mistari sambamba ilikuwa imeanza kutawanyika na seli kupanuka tena.

Ndani ya mrija hakuna forskolini wala neuregulini. Kwa maneno mengine, wiki 3 za kazi na fedha zinaweza kuyeyuka ndani ya siku 3 za mwanzo. Ndiyo maana kundi la seli zisizobadilishwa haliko hapo kwa mapambo. Seli hizo nazo hutoa NGF, BDNF na VEGF (protini zinazochochea ukuaji wa neva na mishipa ya damu), na kama matokeo yatalingana, hakuna sababu ya mtu kulipia hatua ya tatu.

Jambo la pili ni hesabu ya nafasi. Mrija wa kipenyo cha ndani milimita 1.5, pengo la milimita 10, una ujazo wa mikrolita 17.7 tu. Ukitaka seli milioni 1 humo, mchanganyiko wako lazima uwe na seli milioni 57 kwa mililita. Ni tope. Na oksijeni hupenya tishu kwa mikromita 100 hadi 200 kutoka kwenye chanzo chake, wakati katikati ya mrija iko mikromita 750 kutoka ukutani, na mishipa ya damu bado haijaingia. Tulijaza mrija, tukauweka kwenye kiangulio saa 48, tukaukata katikati na kupaka rangi ya kutofautisha seli hai na mfu. Hai zilikuwa karibu na ncha zilizo wazi. Katikati palikuwa pekundu, rangi ya seli mfu.

Uamuzi: dozi imeshushwa hadi seli laki 5. Hoja ni kwamba seli nyingi zinazokufa hutapika vimeng'enya na kuwaita makrofaji mahali ambapo hatuwataki kwa wingi huo. Wapo kwenye kikundi waliotaka kubaki na milioni 1 ili kulingana na machapisho mengine. Hoja yao ina uzito, ila mrija ni ule ule na oksijeni ni ile ile.

Wiki ya 7: mrija na fibrini

Mrija ni wa polikaprolaktoni, urefu milimita 12: milimita 10 za pengo na milimita 1 ya kumeza ncha kila upande. Usiuchemshe kwenye otoklevu. Polikaprolaktoni huyeyuka kwenye nyuzijoto 60 hivi, na otoklevu iko 121. Utatoa kidonge kilichobanana. Ethanoli asilimia 70 kwa dakika 30, PBS mara tatu, mwanga wa urujuanimno dakika 20 kila upande. Plastiki hii haipendi maji, kwa hiyo kabla ya hapo inalowekwa kwenye sodiamu haidroksaidi ili ukuta ushike fibrini. Mirija tuliyoruka hatua hiyo, jeli iliteleza na kutoka nzima kama mshumaa kwenye kalibu yake.

Fibrini: fibrinojeni miligramu 10 kwa mililita, thrombini yuniti 1 kwa mililita, kalsiamu kloraidi milimola 20. Gundi ya upasuaji ya hospitalini ina fibrinojeni nyingi zaidi. Inafunga vizuri lakini akzoni haziwezi kuipenya kirahisi. Seli pia huyeyusha fibrini inayozizunguka, kwa hiyo tumeongeza aprotinini kuchelewesha hilo.

Namna ya kujaza: seli ziwe ndani ya fibrinojeni kwanza, zikiwa kwenye barafu. Andaa asilimia 40 zaidi ya unachohitaji, maana tope hilo hubaki kwenye ncha ya pipeti. Ncha pana, iliyokatwa kwa wembe safi. Ncha nyembamba hukamua seli na kuziua. Tia thrombini, changanya mara mbili tu, vuta ndani ya mrija. Una chini ya dakika moja kabla haijaganda. Kiputo cha hewa kikiingia, mrija huo tupa, kwa kuwa hewa itabaki pale kama ukuta na akzoni hazitaruka.

Uhai wa seli kwa tripani bluu (rangi inayoingia seli mfu tu) usomwe mara mbili: kabla ya kuchanganya, na tena kwenye mabaki baada ya mrija wa mwisho wa siku. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo inayosema umekaa na barafu muda gani. Panya zaidi ya wanne kwa siku hatufanyi.

Wiki ya 8: upasuaji

Usingizi kwa ketamini miligramu 75 na zailazini miligramu 10 kwa kila kilo, tumboni. Buprenofini, dawa ya maumivu, miligramu 0.05 kwa kilo kabla ya kisu, si baada ya panya kuamka na kuanza kuumia. Mkeka wa joto chini yake; panya akipoa hafi na upasuaji, anakufa na baridi.

Paja la kushoto. Pasua kati ya misuli, usiikate. Neva inaonekana nyeupe, ng'avu, yenye mikanda ya mshazari kama utepe. Kata milimita 8 tu. Ncha zitajivuta zenyewe na pengo litafika 10. Uzi wa nailoni 10-0, mishono miwili kila upande, kwenye ganda la nje la neva pekee. Sindano ipite kwenye mrija kutoka nje kwenda ndani, ishike ganda, irudi nje, kisha vuta taratibu neva ijiingize. Ukivuta ghafla, jeli inasukumwa upande wa pili na seli zako zinamwagikia kwenye misuli. Imetokea mara mbili. Panya hao wameandikwa na hawatahesabiwa kwenye kundi.

Wiki ya 12 na 16 ya mradi: nyayo

Hizi ni wiki ya 4 na ya 8 baada ya upasuaji. Panya hupakwa wino miguuni na kupita kwenye kichochoro chenye karatasi. Tunapima urefu wa unyayo, upana wa vidole 1 hadi 5, na upana wa vidole 2 hadi 4, upande mbovu na mzima, kisha fomula ya Bain, Mackinnon na Hunter ya mwaka 1989. Hesabu ya mfano, kwa anayetaka kukagua lahajedwali lake: urefu 42 kwa 34, vidole vya nje 8 kwa 17, vya kati 5 kwa 9. Tofauti ya urefu ikigawanywa kwa 34 na kuzidishwa kwa hasi 38.3 hutoa hasi 9.0, ya vidole vya nje ikizidishwa kwa 109.5 hutoa hasi 58.0, ya kati kwa 13.3 hutoa hasi 5.9, toa 8.8. Jibu ni hasi 81.7. Sifuri ni mguu mzima, hasi 100 ni mguu uliopotea.

Vidole vya nje ndivyo vinavyoamua karibu kila kitu, kwa hiyo panya mwenye vidole vilivyokauka na kukunjamana atatoa namba mbaya hata kama akzoni zimefika. Nyayo zimesomwa na mtu asiyejua panya ni wa kundi gani, na orodha ya makundi haitafunguliwa hadi wiki ya 12 ya panya imalizike. Kwa hiyo hakuna ulinganisho hapa.

Kinachofuata

Siku ya mwisho, misuli ya mashavu ya miguu yote miwili inapimwa ikiwa bado mbichi, ndani ya dakika tano, kabla haijakauka. Neva inakatwa sehemu tatu. Katikati ya mrija na milimita 5 chini yake: glutaraldehaidi asilimia 2.5, osmiamu asilimia 1, resini, vipande vya mikromita 1, toluidini bluu. Kuhesabu katikati peke yake ni mtego, kwa sababu akzoni moja huchipua matawi mengi na hesabu inaweza kuzidi ya neva nzima; tunachotaka ni zilizofika chini na unene wa miyelini yake.

Kipande cha tatu ni cha Sry, na hicho kinagandishwa kwanza, kabla chupa ya glutaraldehaidi haijafunguliwa mezani.